Anga la Mzee Huqa

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Maryan wa Kiwanjani amenipa kazi. Picha ya Korbesa, kijijini kwao, ya kutundikwa chumbani kwa babake. Mzee Huqa alipoteza ng'ombe wote kwenye ukame wa 2022, akaletwa mjini. Tangu hapo anageukia ukuta tu, chakula anasukuma. "Kinanu, chora ile kitu itamchangamsha. Furaha tupu." Hiyo naiweza! Sitafananisha kila mti. Maumbo tu, rangi ziseme zenyewe.

Alhamisi, 9 Oktoba
Anga la buluu, halina doa. Jua mviringo kama kiini cha yai. Ardhi ya chungwa, majani ya kijani hapa na pale. Najisifu mwenyewe!

Ijumaa, 10 Oktoba
Aibu. Mzee aliitazama mara moja, akajifunika shuka usoni.

Maryan alinieleza mlangoni, polepole, asiniumize. Anga hilo ndilo waliloamkia kila siku, miezi na miezi, ng'ombe wakianguka. Furaha kwao ni wingu jeusi. Na mimi mtu wa Meru — wingu kwangu ni baridi, matope, na siku tuliyomzika mama. Nimemchorea mzee wa watu msiba wake, tena kwa rangi tamu.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimeifunika buluu yote. Kijivu kizito, zambarau, chini karibu nyeusi. Mkono ulikataa. Nililia kidogo, nikaendelea. Ajabu — chini ya wingu lile majani yanang'aa kuliko juzi chini ya jua.

Jumanne, 14 Oktoba
Naandika nikiwa kwa Maryan. Mzee ameketi! Mwenyewe! Alitazama sana, kisha akauliza kwa Kiborana. Maryan akatafsiri: "Anasema mvua ndio hii, sasa ng'ombe iko wapi?"

Sikuwa nimechora hata mmoja. Nikatoa brashi, nikaomba aniambie rangi zao. Akaanza. Mwekundu mwenye paji jeupe. Mweusi wa pembe moja. Wa kijivu, aliyekataa kukamuliwa na yeyote ila mkewe — hapo Maryan hakutafsiri "mke wangu", alisema "mama".

Sasa tumepumzika kidogo, mzee anakunywa uji. Hakuna aliyemwambia anywe. Chini ya picha pamejaa, nimeanza kuwapandisha kwenye wingu. Na ndio kwanza amemaliza kuwataja ng'ombe wa maziwa.