Sungura Katulia, Mkwe Kachafuka

Mama Regina mpendwa, naomba msaada wako upesi, maana mwisho wa mwezi huu naweza kubaki bila mke.

Mimi ni seremala hapa Iyunga, Mbeya, mke wangu Lusia ni Mhehe wa Mlandege kule Iringa, na ugomvi wetu wote umeletwa na sungura, ndiyo mama, sungura dume anayeitwa Kamanda, nimemlea tangu anaenea kiganjani, lakini alipopevuka akaanza vituko, mara akojolee vitenge vya Lusia, mara ang'ate watu vifundo vya miguu, mara awazunguke wageni huku anaguna, na kiatu chochote kikikaa sakafuni anakipanda, nami nacheka tu, nasema hili ndilo dume la nyumba, mpaka siku mkwe wangu, mzee wa kanisa, alipokuja kututembelea, akasimama kuombea chakula, Kamanda akakipanda kiatu chake tangu mwanzo wa sala mpaka amina, kisha akaikojolea na suruali.

Mkwe alipoondoka Lusia akaniambia, "Anania, ama umuasi huyo mnyama, ama mimi naenda kwetu," na kuasi mama ni ile kumwondolea dume mambo yake ya kiume, kama wanavyofanyiwa maksai, nami nikakataa, akafunga mzigo, kwao akasema amekuja kumsaidia mama yake kuvuna mahindi.

Niliogopa Kamanda akiondolewa yale atabaki masikio na manyoya tu, lakini rafiki yangu Ndalahwa, Msukuma wa Usangu mwenye ng'ombe, akanicheka, "Maksai wangu wana huzuni gani bhana? Wanakula, wanalima, wanalala. Wameacha ugomvi tu." Basi nikamwita bwana mifugo, akamchoma Kamanda sindano ya usingizi, akamaliza kazi, na wiki za kwanza ukorofi ukabaki pale pale nikadhani nimemwumiza bure, halafu kidogo kidogo akatulia, hakojoi ovyo, hang'ati, viatu anavipita, na jioni analala juu ya miguu yangu, nami badala ya kufurahi nalia, najiuliza huyu ndiye Kamanda wangu au nimemfuta.

Sasa sikia mama. Nilipeleka telegramu Mlandege: NIMEASI RUDI NYUMBANI ANANIA. Akajibu mkwe mwenyewe: MUASI HANA MKE KWANGU. Nikaduwaa, mbona bwana mifugo ameasi hata mafahali na mke wake anaye? Lusia akaniletea kikaratasi kwa mtu wa basi, "Baba kachukia sana, mwandikie upya, ila uandike vizuri," nami nikanunua wino mpya, nikaandika kwa mwandiko wa shule, "Baba mheshimiwa, ni kweli nimeasi kwa hiari yangu, na tangu niasi nyumba yangu ina amani," na kwa heshima sikumtaja sungura, maana mkwe hatajiwi mambo ya chini. Tangu siku hiyo kimya, ila nasikia mzee ameitisha kikao cha ukoo mwisho wa mwezi kuamua kama Lusia atarudi kwangu. Kosa langu ni nini, na je, Kamanda nimemdhulumu?

Anania, Iyunga

ANAJIBU MAMA REGINA

Anania mwanangu, barua yako nimeitoa gazetini kama ilivyo, sikugusa hata herufi, maana ugonjwa wako umo humo humo.

Neno ulilokuwa unalitafuta ni kuhasi. Kuhasi, na h mbele. Wewe umemwandikia mzee wa kanisa kwamba umeasi, yaani umeitupa imani, tena kwa hiari, tena tangu uitupe una amani! Ulitaka akupe hongera? Ninyi watu wa Mbeya h mnaimeza mkisema, sawa, lakini wewe ukaenda kuoa kwa Wahehe, ambao bila h hata jina lao halisimami.

Lusia alikuelewa siku ile ile, nakuapia. Lakini atamwambiaje baba yake kwamba mume wake alikuwa anazungumzia korodani za sungura? Akakuomba uandike vizuri, ukanunua wino.

Kuhusu Kamanda, futa machozi. Kilichoondoka ni kiherehere na hasira za dume linalolinda mpaka wake usiku na mchana, tena zinaondoka polepole, kama ulivyoona. Kulala miguuni kwako hakufundishwa na kisu. Alikupenda tangu zamani, ila hakuwa na nafasi ya kutulia. Mpe majani, mbembeleze, usimnunie.

Ila wewe nakugombeza. Mke anafua vitenge vya mikojo, wewe unacheka. Umeutetea uanaume wa sungura kuliko nyumba yako. Barua nzima umemlilia Kamanda, na hujaandika popote kwamba Lusia unamkosa. Unamkosa, Anania? Basi mwambie yeye, siyo mimi.

Telegramu basi, wino basi. Kabla ya kikao panda gari la Iringa, Kamanda ndani ya kikapu, na Ndalahwa pembeni yako. Mtu wa mafahali atalitamka neno hilo mbele ya mkweo bila haya, wewe inamisha kichwa tu. Kisha mfungueni Kamanda karibu na kiatu cha mzee. Kiatu kikisalimika, mzee ataelewa mwenyewe.

Lusia atakuwa jikoni anasikiliza, nakujua na yeye namjua. Kwa hiyo ukifika mlangoni usiite "odi." Vuta pumzi, mwanangu, uite hodi, na h yake yote.