Picha ya Mguu wa Apio

Jumatatu, 16 Juni

Imekataa tena. Asubuhi nzima imekataa. Nimetoka Busia na diski kwenye mkoba, nimeikumbatia kama trei ya mayai, nafika Tororo, kompyuta inaniambia picha hazipo.

Kliniki yetu ya Busia imefungwa na wagonjwa wote wamehamishiwa huku kwenye tawi la Tororo, ng'ambo ya mpaka, Uganda. Mimi ndiye wa kuhamisha kumbukumbu zao. Majina yaliingia bila shida. Picha za eksirei ndizo zinanitoa roho. Ni nzito, kwa hiyo databesi haiziweki pamoja na majina. Kwenye jedwali la majina kuna namba ya picha tu. Picha yenyewe inakaa kando, kama mzigo ulioachwa stoo. Wafula, fundi wetu wa Busia, kanitolea jedwali, stoo hakuigusa. Ati kamaliza. Kamaliza nini?

Jumanne, 17 Juni

Mama mmoja kutoka kijiji cha Mella kaja na mapacha wake, Apio na Adongo. Apio ana uvimbe kwenye mfupa, chini ya goti. Daktari bingwa wa mifupa anakuja Ijumaa hii tu, na haji mara kwa mara. Anataka picha ya mwaka jana ailinganishe na ya juzi. Uvimbe ukiwa vilevile, mtoto anaachwa na mguu wake. Ukiwa umekua, mguu unakatwa kabla ugonjwa haujapanda.

"Madamu, ile picha ya mwaka jana iko?"

Nikasema iko. Mdomo wangu huu!

Nimempigia Wafula azitoe picha zote upya. Kesho, anasema. Kwake kila kitu ni kesho.

Jumatano, 18 Juni

Diski imeletwa na bodaboda. Nikaanza kuingiza, stima ikapotea katikati, kompyuta ikazima. Nikaanza upya. Ikapotea tena. Nikaamua kuingiza kidogokidogo, huku natukana kimoyomoyo.

Mchana faili la yule mtoto, Apio Mary, likafunguka. Picha! Goti, mfupa, kila kitu. Nilipiga kigelegele peke yangu ofisini. Nikamwita Sista Akoth wa chumba cha eksirei. Akatazama, akanitazama mimi.

"Huyu si mtoto. Mifupa imekomaa. Huyu ni mama mtu."

Nikafungua orodha ya faili. Kumbe Wafula alipotoa picha, kila faili ameliita kwa jina la mgonjwa. Jina! Hapa mpakani, ambapo kila msichana pacha anayetangulia kuzaliwa ni Apio, awe Mteso au Mpadhola, na nusu yao wamebatizwa Mary! Kila Apio Mary aliyefuata alimfuta aliyetangulia. Akabaki mmoja, wa mwisho, na mimi nikambandika kwa wote.

Nimempigia Wafula simu. "Sasa dada, si jina ndilo tunaloitana?" Haki ya Mungu, ningekuwa karibu ningemzaba kofi. Ijumaa daktari angetazama goti zima la mama wa watu, akadhani uvimbe wote umeota mwaka huu, akakata mguu kwa picha ya mtu mwingine.

Alhamisi, 19 Juni

Busia. Namkuta Wafula kaifungua seva ya zamani, ile kompyuta kuu yenye picha zote, bisibisi mkononi. Mnunuzi anaitaka leo, ikiwa tupu, kila kitu kimefutwa. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akachungulia mlangoni. Nikamwambia Wafula akiigusa tena atanijua mimi ni nani. Akaenda kuniletea chai na mandazi. Nikakataa. Baadaye nikala, njaa ilinizidi.

Nimetoa picha zote upya, kila moja kwa namba ya mgonjwa. Nikawapitia kina Apio mmoja mmoja. Wa Mella yupo. Mfupa mwembamba, mdogo. Nikakaa chini kidogo.

Mpakani afisa kauliza kuna nini kwenye diski. Nikamjibu, mifupa. Akacheka peke yake.

Ijumaa, 20 Juni

Sista Akoth amethibitisha, ndiye mwenyewe. Daktari akaweka picha mbili sambamba. Hakukawia.

Umekua. Mguu unakatwa Jumanne. Anasema tumewahi, anasema bila ile ya mwaka jana angesubiri, na kusubiri kungemuua mtoto. Alinishukuru. Sikujua niuweke wapi uso wangu. Wiki nzima nimeitafuta picha hiyo kama kichaa, nikidhani itauokoa mguu.

Alasiri mama akaja ofisini. Nilidhani atalia.

"Ile picha ya mwaka jana, naomba weka kwa simu yangu. Nibaki na mguu wake."

Nikamtolea faili hilo moja. Simu ilikuwa imejaa. Akakaa kwenye benchi, Adongo ubavuni, akafuta video za harusi ya mdogo wake, moja baada ya nyingine, mpaka picha ikaingia.