Kipande cha Chupa Dirishani

Butimba, 12 Agosti 1997

Luhende mjukuu wangu,

Marahaba, salamu zako zimefika. Nasema mimi bibi yako, anaandika Rebeka binti wa jirani. Mbuzi amezaa mapacha.

Vile vioo vya rangi vya kanisa letu la zamani vinakatiwa bima. Mtu wa bima alikuja kuvikagua, akakiona kipande cha chupa mlichopachika dirishani na marehemu babu yako, ulipovunja kioo cha vazi la Bikira Maria kwa manati. Akasema, "Hiki kitoke kwanza." Nikamwambia, "Utoke wewe kwanza!" Padri akacheka, lakini kimetolewa. Ninacho, nimekifunga kwenye kanga.

Posta wamekubali kukituma huko Mbeya. Nimekataa. Miaka sita sijakuona, njoo ukichukue mwenyewe.

Bibi yako anayekungoja,
Tereza