Pasi ya Stima

Gitothua, Ruiru
9 Agosti 1955

Kwa ndugu yangu Gathogo, bwana mkubwa wa kiwandani Thika,

Sisi tuko, usijisumbue kuuliza. Ile pasi ya stima uliyomtumia mama imefika. Ungekuja kututembelea hata mara moja, ungejua nyaya za stima zinapita tu juu ya paa letu kwenda kwa mzungu wa kahawa. Mama, kwa kukuheshimu, aliiweka kwenye makaa ipate moto. Waya uliungua, nyumba ikanuka siku mbili. Bado anakusifu.

Unaandika kwamba huko mnabonyeza ukuta na chumba kinawaka. Hongera. Huku, kwa hii hali ya hatari, askari wanaturuhusu kutoka kijijini saa moja tu kwa siku kuokota kuni, na juzi mama alianguka njiani. Sasa haamki, anatetemeka kwa baridi.

Kile kitanda chako alichokuwekea stoo mpaka urudi, nimekipasua kwa shoka. Kilikuwa kimekauka vizuri. Mama alipoota moto aliuliza kuni nzuri hivyo zimetoka wapi. Nikamwambia umezituma wewe.

Amekubariki.

Dada yako,
Nyawira