Upande wa Karatasi

Jumatatu, 7 Julai

Nimefagia uani mara mbili, vumbi limerudi mara mbili. Kiangazi hiki hakina adabu. Magari mabovu mbele ya mlango, yote ya wateja wa mwanangu Jafari. Anayekuja kunisalimu lazima azunguke injini kwanza. Nimemgombeza. Amesema ndiyo Mama. Kesho yataongezeka.

Simu naanza kuizoea. Binti yangu Rehema ameituma kutoka Bulaya kwa mkono wa mtu. Ina nyuso mbili. Mbele inang'aa kama simu zote na inanitoa machozi. Nyuma haing'ai. Ni karatasi. Haya, si karatasi, lakini macho yangu yanasema karatasi. Weusi juu ya weupe, basi. Gizani haionekani, lazima uwashe taa kama mtu anayesoma kitabu. Jafari anacheka, simu gani hii ya kuwashiwa taa. Mi namwambia bora hiyo kuliko ile inayojifanya jua.

Rehema ametia humo msahafu mzima. Herufi nazikuza nipendavyo. Leo nimesoma baada ya alfajiri bila chozi hata moja. Sijui nilisoma lini mara ya mwisho, na sitaki kujua.

Shule niliacha darasa la tatu. Lakini chuo cha Kurani nilihitimu, mimi na rafiki yangu Hawa, mkeka mmoja, fimbo moja ikitupiga sote. Kwa hiyo asinidharau mutu.

Jumanne, 8 Julai

Jumapili ni arubaini ya Hawa. Hitima itasomwa kwake. Wanawake wanagawana juzuu, kila mmoja yake, zikiisha zote thelathini inaombwa dua na marehemu anapelekewa thawabu. Mgawaji ni Zaituni. Siku zote Zaituni. Nani alimchagua, sijui.

Tangu macho yangu yaharibike ananipa tasbihi. "Mama Jafari, we tusaidie na tasbihi." Sauti ya mutu anayempa mutoto biskuti. Hawa alikuwa anakaa ubavuni mwangu na kunisomea sikioni, polepole, ili nami nione nimo. Sasa Hawa ndiye anayesomewa.

Nimekwenda kwa Zaituni mwenyewe. Nimemwambia Jumapili nataka juzuu. Akatazama macho yangu. Nikatoa simu. Akaigeuza huku na huku kama anakagua nyanya sokoni.

"Na hiyo itakubaliwa?"

"Zaituni, we ndiye unayekubali au Mungu?"

Amenipa ya kumi na sita. Ngumu, si zile fupi za watoto. Sawa. Sikuomba huruma.

Alhamisi, 10 Julai

Nimegombana na Jafari.

Simu hii hata ukiizima, ukurasa wa nyuma hauondoki. Unabaki palepale. Leo asubuhi naikuta juu ya meza ya chai, imelazwa kwa mgongo, karibu na mafuta ya mkate. Mgongoni pana maneno ya Mungu! Na aliyeiweka pale ametoka garaji, mikono myeusi mpaka kwenye kiwiko, udhu hana.

Anasema kila jioni huichukua akaitia kwenye umeme. Nani alimtuma? Nimempiga marufuku. Kuanzia leo hagusi.

"Mama, itazimika."

"Dada yako amesema upande wa karatasi hauli umeme."

"Haule sana. Lakini simu ni moja, Mama. Inakula."

Eti ananifundisha. Rehema ndiye aliyeinunua, na sauti yake ninayo humo humo kwenye simu: Mama, ule upande wa karatasi hauli umeme. Nimemsikilizisha. Akarudi kwenye injini zake.

Nimeifunga kwa kitambaa cheupe na kuiweka juu ya kabati. Ukurasa unaonekana vizuri. Haujafifia hata kidogo. Kitu kisichokula.

Ijumaa, 11 Julai

Nimesoma sana. Ulimi umekuwa mzito, lakini unakumbuka. Mahali pa kuvuta sauti navuta. Nimemsikia yule mwalimu wetu wa chuo akikohoa nyuma yangu. Hawa angecheka.

Namkumbuka leo kuliko siku ya mazishi. Siku ile nilikuwa na kazi ya kuwapanga watu.

Jumapili, 13 Julai

Hitima imesomwa. Watu walijaa mpaka uani. Pilau nzuri, nyama kidogo ngumu. Nimechoka.

Sina la kuandika.

Jumatatu, 14 Julai

Ninalo.

Nilikaa karibu na dirisha kwa ajili ya mwanga. Wenzangu na vijitabu vyao, mimi na simu yangu. Walinitazama, nikafurahi. Kweli nilifurahi, kwa nini nijidanganye hapa. Nikaanza vizuri. Ukurasa, nageuza. Ukurasa, nageuza. Kisha nikapitisha kidole, haukugeuka. Nikapitisha tena. Nikafuta kidole kwenye mtandio. Hapana. Ukurasa mzuri, herufi nyeusi, umetulia kama jiwe.

Ningesema. Ningemwita binti yeyote, ningeazima kijitabu, ningeomba tasbihi. Lakini Zaituni alikuwa mbele yangu na rundo la tasbihi kwenye sahani, zinanisubiri.

Nikausoma ukurasa ule ule. Ukiisha naanza tena. Midomo inakwenda, kichwa kinakwenda mbele na nyuma. Yeyote aliyeniona alimwona mutu anayesoma.

Zaituni akauliza mmoja mmoja. Imeisha? Imeisha. Imeisha? Imeisha. Akafika kwangu.

Nikasema imeisha.

Neno moja. Na dua ikaombwa juu yake. Zaituni akasema mbele ya wote, mashallah, leo Mama Jafari amerudi kwenye safu. Saida, binti wa Hawa, akaja akanibusu mkono. Sahani ya kwanza ya pilau nikapewa mimi, na nikaila. Ndiyo maana nimesema nyama ilikuwa ngumu.

Leo Jafari amenawa mpaka kwenye viwiko, amechukua udhu kamili, ndipo akaomba kuishika. Amebonyeza mbele, giza.

"Mama, hii imekufa na njaa. Haijala tangu siku ile uliponikataza."

Nikamwambia lakini ukurasa upo. Akasema upo ndiyo, unabaki tu, kama picha ukutani. Hauna mutu ndani. Hakunicheka. Ningependa angenicheka.

Umeme haukuwepo mtaani, akaichaji kwa batri ya gari la mteja. Ilipoamka ikafunguka palepale niliposimama. Hata robo ya juzuu sikufika.

Jumatano, 16 Julai

Nimeisoma yote. Jana na leo, mlango nimefunga, nimesoma mpaka mwisho, kila mahali pa kuvuta nimevuta. Imeisha kweli. Nikasema nafsini mwangu, haya, sasa deni hakuna, Mungu amesikia, nani atajua.

Nikangoja moyo ushuke. Haukushuka.

Kusoma nimesoma. Lakini neno lilitangulia. Dua iliombwa siku ile kwa hitima yenye tundu, na tundu ni mimi. Ningekuwa nimemdanganya Zaituni tu, nisingekosa usingizi. Zaituni anastahili kidogo. Lakini aliyepelekewa ni Hawa. Yule aliyenisomea sikioni ili nisijione nje.

Jioni Zaituni akaja, akazunguka injini huku akilalamika. Alhamisi ya wiki ijayo kuna hitima nyingine. Nitakaa mbele, kando yake. Atanipa juzuu mbili. "Mi nilikuwa nakuona umekwisha, Mama Jafari, kumbe bado uko na nguvu." Nikasema inshallah. Nilimpa chai na sikumtazama usoni.

Nimekasirika siku nzima. Nimemgombeza Jafari kwa bolti iliyoanguka uani. Bolti haikuwa na kosa, na Jafari pia.

Alhamisi, 17 Julai

Saida amekuja kuaga. Amesafisha nyumba ya mama yake, kesho kutwa anafunga mlango na kurudi Mutakura kwa mume wake. Ameniletea kanga ya Hawa, ile ya maua mekundu. Akasema: "Bibi, tangu Jumapili nalala. Zamani nilikuwa nashituka. Sasa najua Mama kapelekewa kilicho kamili."

Kamili. Alisema hivyo, akinishika mkono huu ninaoandikia.

Nilipokea kanga. Nikafungua kinywa. Nikauliza habari za watoto.

Mwoga. Umri huu wote, na sauti hii ambayo mtaa mzima unaiogopa. Mwoga.

Ijumaa, 18 Julai

Nimekwenda baada ya swala. Nimechukua kanga nimrudishie.

Saida alikuwa anakunja mapazia. Sikukaa. Nikasema yote nikiwa nimesimama: simu ilizimika, nilisoma ukurasa mmoja tu mpaka mwisho wa hitima, nikasema imeisha, ilikuwa uongo. Nikasema nimeisoma baadaye nyumbani, peke yangu. Nikasema najua si sawa na siku ile.

Akakaa juu ya mapazia. Nje fundi alikuwa anagonga bati, ko, ko, ko, nikatamani asiache.

"Na mi nilikubusu mkono."

"Ndiyo."

"Bibi, ungesema tu. Nani angekucheka pale?"

Mimi. Mimi ndiye ningejicheka. Sikujibu hivyo, naandika hapa.

Hakulia, hakunifukuza. Kanga hakuipokea. Akasema: "Kesho utaisoma hapa. Kwa sauti, mi nasikia. Na Mama Zaituni atakuja kuomba dua upya. We mwenyewe utamwita."

Hiyo ya mwisho ndiyo adhabu. Binti wa Hawa kweli. Na mama yake alikuwa hivyo, mpole, halafu anakukata pale pale panapouma.

Nimepita kwa Zaituni. Nimemwambia mlangoni.

Jumamosi, 19 Julai

Nimesoma.

Chumba cha Hawa hakina kitu tena, mkeka tu. Simu imekula usiku kucha, Jafari aliilinda kama mgonjwa. Nilikaa dirishani. Saida mbele yangu, ameegemeza mgongo ukutani. Zaituni pembeni na kijitabu chake, kidole juu ya mstari, ananifuatilia.

Nilidhani nasoma vizuri. Sivyo. Zaituni alisema rudi mara nyingi kuliko mwalimu wetu wa zamani. Rudi. Nikarudi. Vuta hapo. Nikavuta. Umeruka neno, Mama Jafari, rudi. Kumbe hata ile niliyosoma nyumbani kwa mlango kufungwa ilikuwa na matundu, na hakuna aliyekuwepo wa kuniambia. Hawa ndiye aliyekuwa ananirudisha.

Nilitaka kumtupia simu. Kisha nikachoka kukasirika, nikasoma tu.

Adhuhuri ilitukuta katikati. Tukaswali, tukaendelea. Sauti ilikauka, Saida akaleta maji. Nilipomaliza Zaituni akaomba dua. Fupi, bila mashallah. Saida akasema amina, akafuta uso kwa viganja, akakaa hivyo hivyo kidogo.

Kwenye kuvaa viatu nikamuuliza Zaituni kama siku ile hakuona.

"Niliona. Niliona haugeuze ukurasa hata kidogo. Nikasema labda hiyo mashini inajigeuza yenyewe. Ya Bulaya."

Nikacheka. Yeye pia. Saida alitutazama kama tumerukwa na akili, vikongwe wawili kwenye mlango wa nyumba ya msiba. Lakini naye mdomo ulimcheza.

Mkono hakunibusu. Alinifunga kanga ya mama yake begani, akakaza fundo, akafunga mlango kwa ufunguo.

Alhamisi, 24 Julai

Hitima ya leo imesomwa vizuri. Upepo wa ziwani ulifika mpaka huku, vumbi likatulia kidogo.

Habari zilikuwa zimeenea, bila shaka. Nilipoingia wawili watatu walinong'ona. Waache. Zaituni aligawa vijitabu. Alipofika kwangu alishika tasbihi mkono mmoja, mwingine mtupu, akasimama. Akauliza mbele ya wote: "Imekula?"

Nikasema imekula.

Akanipa juzuu moja, si mbili. Sikudai. Akakaa upande wangu, si mbele, na nilipokosea alisema rudi kwa sauti ya chini, sikioni.

Imeisha kabla ya laasiri. Nilisema imeisha.

Sasa niko nyumbani. Namsikia Jafari bombani, ananawa, anasugua viwiko kwa sabuni ya unga. Ataingia, atanyoosha mikono nimkague, kisha ataichukua simu kutoka juu ya kabati aitie kwenye umeme. Ukurasa wa mwisho bado upo mgongoni, herufi nyeusi, umetulia. Utakaa hivyo mpaka nije kuugeuza.

Iweke ipate kula, mwanangu.