Kiti Hakikuwa cha Göteborg

Fisksätra, 4 Novemba 2024

Shemeji Gilles,

Salamu nyingi zikufikie hapo Göteborg. Hujambo na afya? Kile kifua cha baridi kimetulia? Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Mélissa anarefuka tu. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi, nimechoka kugombana naye.

Simu zangu huzipokei tangu tumzike kaka yako, basi nafanya alivyokuwa akifanya yeye. Barua hii nimeitia kwenye mfuko wa nyaya na mfuko nimeubandika kwenye printa kubwa, maana najua ndio utakaoufungua kwanza. Mume wangu Herménégilde ndiye aliyetufundisha sote wawili kazi hii ya kuhamisha ofisi, na neno lake lilikuwa moja: kila kitu kisafiri na chake.

Sasa nina shida. Ile ofisi ya mawakili tuliyoihamishia kwenu wiki jana, viti vyake hesabu vizuri, utakuta kimoja kimezidi. Ni cheusi, mkono wa kushoto umezungushiwa utepe wa buluu. Ni kile alichokalia kaka yako hapa ghalani baada ya kupakia, akasema apumzike kidogo, asiinuke tena.

Kosa ni langu. Nilikuwa nimeapa kisikaliwe na mtu mpaka tuganduke, yaani mpaka matanga yaanuliwe mwaka ukitimia. Lakini vijana wa hapa walikuwa wanakikalia wakila chakula cha mchana. Nikakifunga blanketi, nikakizungushia plastiki, nikakisukuma pembeni karibu na mlango. Mimi wa miaka yote hii ghalani! Kitu kilichofungwa ni kitu kinachoondoka, nao wakakipakia. Nilipokuta pale patupu nilikwenda kulia chooni.

Nirudishie na lori lijalo. Na mtu asikikalie, nakuomba.

Shemeji yako,
Fébronie


Göteborg, 15 Novemba 2024

Shemeji Fébronie,

Shikamoo. Barua nimeipata salama, imesafiri vizuri kuliko printa yenyewe, kwani vijana wako walisahau kuondoa wino na sasa nina mikono ya mchawi. Waambie. Kifua kinanisumbua asubuhi tu. Msalimie Mélissa, mwambie baba yake mdogo anamkumbuka.

Kiti kipo. Nilikifungua nikague magurudumu, nikaona ule utepe. Hakijakaliwa. Lakini lori la Jumatano limeondoka bila hicho, nisamehe. Nilisema kikae kidogo hapa karibu na meza yangu.

Kuna jambo, shemeji, usinicheke. Jioni nikifunga ghala napandisha kikalio chake juu kabisa, ndivyo tunavyofanya viti vyote ili tufagie. Asubuhi vingine viko juu, hicho kiko chini. Kiko chini kabisa, kama kimekaliwa. Rebecka, msimamizi wetu, anasema mtungi wa gesi unaoinua kikalio umekufa. Huenda. Ila nimekipandisha mchana nikakaa nikikitazama hadi saa ya kutoka, hakikushuka.

Huko kilikuwa hivi?

Shemeji yako,
Gilles


Fisksätra, 25 Novemba 2024

Gilles, shemeji yangu,

Marahaba. Kifua chako usikidharau, kanywe tangawizi.

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikatafuta pa kukaa. Kaka yako alikuwa mzito, unamjua. Alipokikalia kilikuwa kinamshukia polepole, kinatoa pumzi ndefu, nasi tunamcheka. Mimi nikikikalia hakitikisiki. Tangu afe nilikuwa nakipandisha kila jioni kabla ya kukimbilia treni, na kila asubuhi nakikuta chini. Sikumwambia mtu yeyote. Nilidhani ni ghala hili, nilidhani amebaki mahali alipoangukia. Kumbe amekifuata kiti hadi kwenu. Kila kitu kisafiri na chake, sivyo alivyosema?

Ninaogopa, sikufichi. Na bado, tangu kiondoke, ghala linanitisha zaidi kwa kuwa halina kitu.

Mwaka wa kifo chake unakaribia. Nimezungumza na wakubwa wetu wa kanisani, Warundi wenzetu, tumeweka Jumamosi ya tarehe 8 Februari. Neno la kuanua matanga lisemwe na mtu wa ukoo wake, na upande huu wa dunia mtu wa ukoo ni wewe peke yako. Hukuja kwenye mazishi, ukasema huwezi kumwona kaka yako sandukuni. Nilikuelewa, sikukulaumu. Lakini hili bila wewe halifanyiki. Nimechoka, Gilles. Nataka mume wangu apumzike, nami nipumzike.

Niandikie kwamba utakuja.

Fébronie, shemeji yako


Fisksätra, 13 Januari 2025

Shemeji,

Heri ya mwaka mpya. Natumaini u mzima, maana dereva Axel anasema anakuona ukishusha mizigo.

Malori yanakuja kutoka kwenu, nami nafungua mifuko ya nyaya kama mtoto anayefungua zawadi. Nyaya tupu. Kiti hakuna, barua hakuna.

Kama hutaki kuja, sema. Kimya chako kinaniumiza kuliko hapana.

Fébronie


Göteborg, 29 Januari 2025

Shemeji yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili.

Ukweli ni huu: sikutaka. Nikilisema neno hilo ataondoka, na mimi huku nilikuwa nimempata. Asubuhi nikifungua ghala nasema, "Kaka, umeamkaje?" Nilikuwa namwekea kahawa mezani, ya sukari nyingi, kama alivyokunywa kwenye kambi ya wakimbizi kule Kibondo sukari ilipopatikana. Wewe una Mélissa, una kanisa. Mimi nina ghala. Nilijiambia, huyu shemeji amekaa naye miaka, aniachie nami miezi michache.

Wiki iliyopita Rebecka, kwa wema wake, aliingiza mtungi mpya bila kuniuliza. Alikikalia fundi aliyeufunga, mtu mnene, kikabaki juu imara. Nikajua basi, imekwisha. Jioni nikakipandisha, nikafunga mlango, nikaenda nyumbani nikijililia.

Asubuhi kilikuwa chini.

Mtungi ni mpya, shemeji. Nilisimama pale na koti langu mwilini, na kwa mara ya kwanza sikumsalimia. Nilikumbuka ulivyoniandikia, kwamba alisema apumzike kidogo. Mwaka mzima mtu anatafuta kupumzika kidogo, na sisi jioni tunakipandisha kiti, asubuhi anakaa upya. Nilidhani ananitembelea. Amechoka tu, kaka yangu.

Kiti kinakuja na lori la kesho. Nimekifunga mwenyewe: mablanketi mawili, mikono nimeizungushia plastiki ya vipovu, magurudumu nimeyafunga kamba yasizunguke. Nimekiacha chini kabisa, asihangaishwe njiani. Nimemwambia Axel asipange kitu juu yake.

Nami nakuja kwa treni Ijumaa ya tarehe 7. Neno nitalisema. Nikishindwa katikati, nishike mkono.

Gilles wako


Fisksätra, 17 Februari 2025

Shemeji yangu mpendwa,

Natumaini ulifika salama na baridi haikukurudishia kikohozi. Mélissa anakuulizia, na safari hii ameuliza kwa Kiswahili.

Asante. Ulilisema neno vizuri, hata ulipokwama ukalia, watu walilia nawe na hakuna aliyeona haya. Wakubwa wanakusifu. Nguo nyeusi nimezikunja nikaziweka kabatini. Jana nilivaa kile kitenge cha njano kanisani, nikajiona mtu.

Kuhusu kiti. Kilipofika nilikiacha kimefungwa, na Jumatatu baada ya matanga nikakifungua, nikakirudisha pale pale pake ghalani. Jioni nikakipandisha juu kabisa, nikaenda zangu. Asubuhi nilifika kabla ya wenzangu.

Kilikuwa juu, Gilles.

Na kesho yake, juu. Wiki nzima, juu. Ndicho nilichokuomba uje ukifanye, na umekifanya, na Mungu akubariki. Nilidhani nitashukuru. Kumbe kila asubuhi nilikuwa naharakisha kuja kazini kuona kama alikaa, na sasa sina ninayemharakishia. Leo nimekikalia mimi mwenyewe, nikajikaza, nikajifanya mzito kadiri ya uwezo wangu, ili nisikie ile pumzi yake japo mara moja.

Hakikushuka.

Shemeji yako,
Fébronie