Fahali Alipatikana, Jina Langu Bado

Kwako Baba, na kwako Mama ambaye najua umeketi karibu ukijifanya husikilizi,

Hamjambo huko Khayega? Mgongo wa Baba unaendeleaje, na mvua ya mawe imewaachia mahindi yoyote? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hautulii, ndiyo maana nimemwomba dada Muhonja aichapishe barua hii kule mjini awasomee. Kwenye simu, Baba, kila nikigusa jambo hili unasema mtandao ni mbaya halafu unampa Mama.

Hapa Doha bado niko ghalani, nabeba maboksi. Kuna shule inayotaka dereva wa basi la watoto. Walinijaribu barabarani, wakaridhika, wakanionyesha hadi basi lenyewe. Kilichobaki kilikuwa cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi wa Kenya. Nilienda kutoa alama za vidole nimevaa shati la kanisani. Majibu yaliporudi, yalisema nina kesi ya wizi wa mifugo.

Kwanza nilicheka. Kisha nikatoka nje nikatembea tu, bila kujua naelekea wapi. Tangu hapo sikai mahali pamoja. Nikiketi nasimama, nikisimama naangalia simu.

Unakumbuka ilivyokuwa. Fahali wako wa kupigana alipotea wiki ileile niliposema mbele ya watu kwamba anakula vizuri kuliko Mama. Ukanishtaki. Polisi wakachukua alama zangu za vidole, nikafikishwa mahakamani. Kisha fahali akapatikana Matungu, kwa mkulima wa miwa aliyeuziwa na dalali ambaye sijawahi kumwona. Ukasimama mbele ya hakimu ukasema, "Huyu ni mtoto wangu, nimemsamehe." Kesi ikaondolewa. Tukarudi nyumbani, Mama akachinja kuku, tukala ingokho na ugali wetu wa obusuma kwa bakuli moja, Baba Mdogo akaomba, na ikasemwa kwamba jambo hilo lisitajwe tena. Nasi sote tukaamini kwamba kikishaliwa chakula cha kupatana, hata serikali imesahau.

Serikali haikula nasi, Baba. Muhonja alipoenda mahakamani Kakamega, karani alimwambia, "Faili iko, na kesi iliondolewa. Lakini sisi hatupelekangi hiyo habari Nairobi. Mwenye jina ndio anafuatanga." Kwa hiyo miaka yote hii vidole vyangu vimekaa kwenye kompyuta vikingoja hukumu.

Muhonja anaweza kuchukua nakala ya uamuzi yenye muhuri na kuipeleka kwa polisi Nairobi wafute rekodi. Hilo namwachia. Lakini wakili aliyeisoma faili anasema imeandikwa kwamba mlalamishi alisamehe, na mtu yeyote atakayeisoma atauliza, alisamehe nini? Anataka wewe mwenyewe uende ofisini kwake Amalemba, ule kiapo, ueleze fahali alipatikana wapi. Muhonja alipokuletea habari hiyo, ulimjibu, "Mimi nilisamehe huyo kijana kitambo. Mtu akisamehewa, anatakanga nini tena?"

Nitakuambia ninachotaka, na tafadhali usikasirike. Msamaha wako niliupokea kwa sababu nilitaka kurudi nyumbani, na siku ile ungenipa hata fimbo ningeshukuru. Lakini nimechoka kuwa mwizi aliyesamehewa. Inaniuma, Baba. Inaniuma zaidi kwa sababu hata huko nyumbani, watu wananisifu kwamba siku hizi nimebadilika.

Shule inaningoja hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo basi litapewa mtu mwingine.

Msalimieni nyanya yangu Kukhu, mwambieni naomba kila siku kama alivyoniagiza. Msalimieni Baba Mdogo na mama mkwe wa Muhonja. Hata yule fahali msalimieni. Yeye alisafiri hadi Matungu bila ruhusa na hana rekodi popote.

Sasa Muhonja, soma hapa polepole. Baba, ukifika kwa wakili, usiseme kwamba ulinisamehe. Sema kwamba mimi sikumwiba fahali wako. Na kama moyoni bado unaona ni mimi, basi usiende. Usiape uongo kwa ajili yangu. Nitaendelea kubeba maboksi. Lakini niambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, maana hujawahi kuniuliza.

Ni mimi mwanao,
Shimuli